Chupa Zilizobandikwa kwa Plasta

9 Julai

Vitabu vya kuandikia wagonjwa vimefika katoni nne, karatasi nzito, jalada zuri, bendera ya nchi inayotoa msaada imechapwa juu kwa rangi. Maji ya dripu hayakufika hata chupa moja. Basi nimejichukulia kitabu kimoja kiwe changu. Hakuna atakayeuliza, hapa Wadi Harir vitabu ndivyo tulivyo navyo tele.

Leo ni arubaini ya Nadhira, mdogo wangu. Wanawake wamesoma, wamekula, wameondoka. Mvua imepiga tangu adhuhuri. Naandika ili nisisahau ninachokitaka, maana watu wameanza kuniambia nisamehe na mimi najijua, nikiambiwa jambo mara mia naweza kulegea.

Ninachokitaka ni hiki. Nataka Jubran, mkurugenzi wa mradi wa msaada, aseme kwa mdomo wake, mbele za watu, maji ya dripu yalikwenda wapi. Sitaki afungwe, sitaki afe. Nataka aseme.

Mimi ni muuguzi wa kituo cha kipindupindu cha bonde hili. Tuna mahema mawili meupe, vitanda kumi na viwili vyenye tundu katikati, ndoo, na bango kubwa barabarani. Nadhira aliletwa juu ya kitanda cha kamba, wanaume wanne wamekibeba kwa muda wa saa nne kwenye mteremko, kaka yetu Dahan akiwa pembe ya mbele kushoto. Nilimlaza kitanda namba tatu. Nilikuwa na chupa mbili. Ziliisha kabla ya asri. Mtu wa kipindupindu anahitaji chupa nane, kumi, na akizipata kesho yake anaomba mkate. Nadhira aliomba maji mpaka sauti ikakauka, akafa macho yake yamezama kama ya bibi kizee, na alikuwa na miaka ishirini na sita.

Hati ya ofisi ya mradi inasema wiki ile ile tulipokea chupa mia tatu. Chini yake kuna muhuri wa kituo. Muhuri anao Jubran.

11 Julai

Mvua. Wagonjwa wawili, wote hali zao si mbaya. Sukari, chumvi, maji yaliyochemshwa.

15 Julai

Jubran amekuja. Ni binamu wa marehemu baba, kwa hiyo namwita ami, na neno hilo siku hizi linanikwaruza koo. Ndiye mkurugenzi wa mradi wilaya nzima. Alisimama mlangoni mwa hema asichafue viatu.

"Ghaliya, binti yangu, uso wako umekunjamana. Mwenyezi Mungu akupe subira."

"Maji ya dripu, ami."

"Yako njiani."

"Yalikuwa njiani mwezi wa tano."

"Barabara unaiona mwenyewe. Mvua hii nimeileta mimi?" Akacheka, walinzi wake wakacheka. Halafu akashusha sauti. "Sikiliza. Wageni wanakuja. Bunge la nchi yao limeanza kuuliza vitu vyao vinaishia wapi, wanatuma watu waje kuangalia kwa macho. Wakiridhika, tunapata mwaka mwingine. Wasiporidhika, hata hizo ndoo unazosuguasugua wataziondoa. Wewe vaa koti safi, simama pale, na mdomo uupumzishe."

Nikamjibu ndiyo, ami. Nilisema taratibu kabisa. Alipanda gari lake akiwa ameridhika na mimi.

16 Julai

Mvua.

17 Julai

Mvua. Mawazo.

22 Julai

Maji ya mlimani yamekata barabara chini ya soko. Wagonjwa saba leo, mmoja msichana wa miaka minne. Nilikaa naye kutwa, kijiko kimoja cha maji ya chumvi na sukari kila dakika, akitapika naanza upya. Jioni alinikojolea mapajani. Mama yake aliona nacheka akadhani nimerukwa na akili, mpaka nikamweleza kuwa mkojo maana yake mtoto amerudi.

Nikiwa nasukumia kijiko, nilikuwa namfikiria Jubran na viatu vyake. Mkono mmoja unamlea mtu na roho inamchimbia mwingine shimo. Sikujua kama ninaweza kufanya yote mawili kwa pamoja. Ninaweza, tena vizuri.

29 Julai

Leo nimejua mpango wao, na nimejua jambo jingine ambalo ningependa nisilijue.

Musid, mzee anayelinda lango la kituo, ndiye aliyeniambia. Wageni watakuja tarehe kumi na mbili Agosti, saa tatu asubuhi, watakaa saa moja na nusu. Siku hiyo Musid ameamriwa asiingize mgonjwa wa kweli hata mmoja. Wagonjwa wa kweli wanatapika, wananuka, wanaharisha ndani ya ndoo mbele za watu, na wengine hufa vibaya. Wataletwa wagonjwa wengine, watu wazima na afya zao, walale vitandani wakiwa na dripu. Dripu italetwa asubuhi ileile kwa gari la Jubran na itaondoka nalo jioni. Malipo ni kapu la chakula na mirungi ya siku mbili, ile mizuri ya mlimani.

"Umeona majina?" nikamuuliza.

Musid akaangalia mvua. "Niliyaona."

"Nani wa kwanza?"

"Binti yangu, usiniulize."

Nilikwenda nyumbani kwa Dahan moja kwa moja, viatu vimejaa tope. Alikuwa amekaa na wenzake baada ya chakula, mirungi mapajani, shavu la kushoto limefura.

"Watakulaza kitanda gani?" nikamwambia mbele yao wote.

Hakujifanya haelewi, hilo nampa. "Kitanda chochote."

"Hata namba tatu?"

"Ghaliya, nina watoto wanne na unga umeisha. Nikikataa atalala mwingine. Nadhira hafufuki kwa mimi kukataa kapu."

"Ulimbeba wewe."

"Nilimbeba mimi, si wewe," akasema, na sauti yake ikapasuka. "Bega bado linaniuma. Sasa nenda nyumbani."

Nimekuja nyumbani. Tangu mwezi wa tano nilikuwa na adui mmoja. Leo wamekuwa wawili, na wa pili tumenyonya ziwa moja.

1 Agosti

Sikulala vizuri. Wagonjwa watano. Mmoja amefariki, mzee wa kijiji cha Qarn. Nimemwosha mwenyewe.

3 Agosti

Nimelipata.

Nilikuwa nafua nguo nikamkumbuka Dahan na lile shavu. Saa tatu asubuhi wanaume wa bonde hili ni wagonjwa wazuri sana, wamenyong'onyea, wanapiga miayo, hawajatia kitu mdomoni. Lakini ukifika saa nane mchana, chakula kimeshuka, hakuna mwanamume Wadi Harir atakayelala kitanda chochote duniani bila jani shavuni. Wangekuwa kwenye kaburi wangetoka kwanza kuulizia mirungi. Jubran analijua hilo, ndiyo maana amepanga asubuhi.

Sasa kazi yangu ni moja tu, kuwachelewesha wageni. Na barabara ya kuja huku inapita mlangoni kwa Sheikh Nashir.

6 Agosti

Nimekwenda kwenye baraza la wanawake la Hajja Taqiya, mke wa Sheikh Nashir, kijiji cha chini. Nilivaa vizuri, nikanywa kahawa ya maganda, nikasikiliza habari za harusi tatu. Halafu nikatupa neno langu, kwa kigugumizi, kama mtu ambaye limemponyoka.

"Ati wageni watapita hapa kwenu bila kusimama. Ami Jubran amesema nyumba ya sheikh siku hizi haiwezi kulisha Wazungu watano."

Vikombe vikatulia. Hajja Taqiya akaniuliza pole pole, "Amesema hivyo?"

"Mimi muuguzi tu, Hajja, mambo ya wakubwa siyajui."

Ni uongo. Jubran hakusema hivyo. Nimeuandika hapa ili nisijidanganye baadaye kuwa nilikuwa msafi katika hili.

8 Agosti

Imefika. Sheikh ameapa kwa talaka: wageni wakipita mlangoni kwake bila kula chakula cha mchana, mkewe ni haramu kwake. Sasa hata mwenyewe akitaka hawezi kurudi nyuma. Hajja Taqiya anatembea kijiji kizima akijigamba, na yeye ndiye atakayeachika.

9 Agosti

Mvua. Jubran ametuma mtu kumbembeleza sheikh. Amefukuzwa.

12 Agosti

Nitaandika yote, hata kama mshumaa utaisha.

Saa mbili asubuhi gari la Jubran lilifika na katoni sita za maji ya dripu. Niliziona kwa macho yangu. Chupa sabini na mbili. Tangu mwezi wa tatu sijawahi kuziona chupa sabini na mbili mahali pamoja, na zimeletwa ili zipigwe picha. 

"Usitoboe mtu," Jubran akaniamuru. "Bandika mrija kwa plasta tu, juu ya ngozi. Tutazihitaji baadaye."

Nilibandika. Wanaume wanane hema la kwanza, wanawake wanne hema la pili. Dahan walimlaza namba tatu. Nilimbandikia plasta mkononi, hakuniangalia, nami sikumwangalia.

Saa tatu. Saa nne. Saa tano. Simu ya Jubran haikutulia. Wageni walikuwa kwa sheikh, mbuzi wawili wamechinjwa, mkuu wa msafara amejaribu kusema hawana muda na sheikh amemwonyesha mke wake dirishani. Jubran alikuwa anazunguka bango lile kama kuku anayetaka kutaga. Wagonjwa wake walipata wali na nyama saa sita. Saa saba na nusu wakaanza kujigeuzageuza. Saa nane kasoro nilipitisha mafungu ya mirungi kwa nyuma ya hema. Nilikuwa nimeiagiza mwenyewe sokoni.

"Kutoka kwa Ami Jubran," nikawaambia. "Anasema pole kwa kungoja."

Magari matatu yaliingia saa nane na nusu. Akashuka mama mmoja wa makamo, nywele nyeupe, ambaye ndiye mbunge, na daktari kijana, na mkalimani, na walinzi. Jubran alikuwa langoni kuwalaki, kwa hiyo aliingia hemani pamoja nao na kuona walichokiona wao: wanaume wanane wa kipindupindu, wamelala chali na dripu zao, kila mmoja shavu la kushoto limetokeza kama ameficha yai, macho yanang'aa. Mmoja aliomba Pepsi ya baridi.

Sijawahi kuona uso wa mtu ukifanya vile. Nitautunza uso ule mpaka nife.

Mbunge aliuliza jambo. Mkalimani, ambaye ni mtu wa kwetu na shavu lake mwenyewe lilikuwa na alama ya mirungi ya jana, akamgeukia Jubran. "Anauliza mashavu yana nini."

Na Jubran, simnyimi, ana akili ya haraka. "Matubwitubwi," akasema. "Mwambie mwaka huu maradhi mawili yamekuja pamoja. Mwambie tulikuwa tumepanga kuomba chanjo."

Mkalimani alitafsiri bila kupepesa. Daktari kijana akainama juu ya Dahan, akaligusa shavu kwa vidole viwili, akaandika kwenye daftari lake. Mbunge akatikisa kichwa kwa huruma.

 Siku tisa za hila zangu, kiapo cha talaka, mbuzi wawili, na sasa mwizi anaongezewa na chanjo. Nilifungua mdomo kusema. 

Kelele zikatoka langoni. Wanaume wanne wa Qarn wamebeba kitanda cha kamba, mwanamke juu yake, blanketi limelowa. Walinzi wa Jubran waliwazuia. Nikamsikia Musid, mzee ambaye miaka yote hii sijamsikia akipandisha sauti, anasema, "Lango hili ninalinda mimi." Na akalifungua.

Walipoingia hemani hapakuwa na kitanda. Vyote vimejaa watu wazima na afya zao. Wabebaji wakasimama pale katikati, miguu inawatetemeka, hawaelewi. Wa mbele kushoto alikuwa ameegemeza mti wa kitanda begani na damu inachuruzika kwenye shati.

Dahan alimtazama bega yule mtu.

Akaketi. Akatema mirungi yote kwenye kiganja, akaitupa ndani ya ndoo. Akabandua plasta, mrija ukaning'inia, na mkono wake ulikuwa mkavu, mzima, hauna hata tundu la sindano. Akashuka kitandani. "Mlazeni hapa," akasema. Halafu akaichukua chupa mwenyewe na kuinyanyua juu ya kichwa chake, akanigeukia. "Mchome, Ghaliya. Unangoja nini?"

Nilimchoma. Mshipa ulikuwa umelala, niliupata mara ya pili. Nyuma yangu nilisikia plasta zikibanduliwa, moja, nyingine, nyingine. Wanaume wale wakawa wamesimama wote, kila mmoja na chupa yake mkononi, wameinamisha nyuso, hawajui waziweke wapi. "Nileteeni," nikawaambia. "Zote."

Mbunge alikuja akasimama kando yangu. Mkalimani akaniuliza kwa niaba yake hii ni nini. Sikugeuka, nilikuwa nimeshika mkono wa mgonjwa. Nilimwambia: huyu ndiye mgonjwa. Wale ni majirani zangu. Maji haya yamekuja leo asubuhi kwa ajili yako, na jioni yalikuwa yaondoke. Mdogo wangu alikufa kitanda hiki kwa kukosa maji haya. Na mwambie shavuni ni mirungi.

Mkalimani akamtazama Jubran. Halafu akatafsiri, na kwa sura ya yule mama nikajua ametafsiri yote.

Mwanamke wa Qarn ametumia chupa tisa. Anaitwa Nuria. Anakojoa.

13 Agosti

Jubran ameondoka alfajiri kwenda mjini. Hakuzibeba katoni. Dahan amezihamishia chumbani kwangu. Hatujazungumza bado, lakini amenywa chai.

20 Agosti

Wagonjwa tisa. Chupa zinapungua. Niseme ukweli wangu: nimekuwa na furaha wiki nzima, furaha mbaya, naamka nayo na kulala nayo.

4 Septemba

Barua imesomwa leo na mtu wa ofisi. Nchi ile imesimamisha kila kitu wilaya nzima mpaka uchunguzi uishe. Bunge lao limeambiwa, magazeti yao yameandika, serikali yao imewajibika mbele ya watu wao. Kwetu wamekuja na lori wakakunja mahema. Wakachukua vitanda. Wakachukua ndoo, nilizokuwa nimezisugua kwa mkono wangu. Jubran hakuguswa. Ati yuko mjini, anangoja uchunguzi, anakula kwa shemeji yake.

Nilimuuliza yule mtu wa lori, "Wagonjwa mnawapeleka wapi?"

"Mimi nimetumwa mahema, dada."

Wanawake wawili sokoni wamenigeuzia mgongo. Wanasema ulimi wangu umetuponza. Nusu ya jambo hilo ni kweli. Nusu nyingine iko mjini kwa shemeji yake.

5 Septemba

Wagonjwa sasa wanakuja nyumbani kwangu. Dahan ametoboa vitanda viwili tundu katikati.

14 Septemba

Mvua kidogo. Zimebaki chupa kumi na moja.

15 Septemba

Kumi na moja. Hakuna mgonjwa, namshukuru Mungu.

19 Septemba

Saba.

26 Septemba

Hakuna mvua leo, mbingu nyeupe, mtama umeanza kukatwa.

Saa tisa alasiri waliingia na kitanda cha kamba. Wazee watano wa ukoo wetu wanakifuata, wamevaa majambia yao, visu vya kiunoni. Nilifunua blanketi. Ni Hajja Warda, mama yake Jubran. Midomo ya buluu, ngozi ya mkono ukiivuta inabaki imesimama.

Mzee mmoja akaanza, "Ghaliya, sisi tunajua uliyotendewa, lakini huyu ni..."

"Mlazeni," nikasema.

Nilikuwa na chupa saba. Niliupata mshipa mara ya kwanza, Mungu alinisaidia. Dahan akashika chupa juu. Ilikuwa imefika nusu simu ya mzee yule ilipolia. Ilikuwa ni Jubran kutoka mjini. Nikamnyang'anya simu, nikaifungua sauti ili wote wasikie, nikaiweka juu ya mto karibu na sikio la mama yake.

"Ghaliya? Ghaliya, binti yangu, wameniambia amefika kwako. Mtie maji. Nakuomba, mtie maji."

"Yalikwenda wapi, ami?"

"Sasa hivi si wakati..."

"Maji ya mwezi wa tano, chupa mia tatu. Yalikwenda wapi? Wazee wako hapa, wote watano. Sema."

Nilisikia anavyohema. Chupa ya kwanza ikaisha, Dahan akafunga ya pili bila kutoa sauti, jicho lake kwangu. 

Jubran akaanza kulia, akasema. Kwa maduka ya dawa ya mjini. Hospitali ya shemeji yake ya kulipia. Fungu la mkuu wa ofisi ya afya, kila mwezi, akamtaja kwa jina lake na la baba yake. Alisema na tarehe.

"Na siku ya Nadhira?"

"Ghaliya."

"Siku ya Nadhira, ami."

"Zilikuwepo," akasema. "Zilikuwa chini ya nyumba yangu pale kijijini, katoni ishirini na tano, zinangoja gari. Mama alikuwa amelala juu yake. Ningetaka kukutumia ningeweza. Ni dakika kumi kwa miguu mpaka kituoni kwako."

Dahan alikaa chini sakafuni, chupa bado ameinyanyua. Mzee mkubwa akafunika uso kwa kilemba chake. Mkono wa Hajja Warda ulikuwa ndani ya wangu, umeanza kupata joto.

"Nimesema," Jubran akalia. "Nimesema yote. Umeshamtia? Niambie umeshamtia."

"Bado," nikamwambia. "Endelea."